Nyumba Isiyogawanyika

Mtaani walimwita Mama Pasi, ingawa hakuwahi kuzaa. Alikuwa dobi. Uani mwa nyumba waliyoachiwa na baba yao, yeye na kaka yake, alifunga kamba ukuta hadi ukuta, na siku za jua ungepita pale ukiinama chini ya mashuka na sare za watu. Baba alipougua, yeye ndiye aliyemwogesha na kumlisha. Kaka, dereva wa malori, alikuwa mtu wa kupiga simu.

Miaka michache baada ya mazishi kaka akaja kudai chake. Hakuja kwa shari. Mgongo ulikuwa umemkatalia, usukani haushiki tena, na watoto walikuwa bado shuleni.

"Mdogo wangu, sikufukuzi. Nunua nusu yangu, au tuuze."

"Niinunue kwa pesa gani, kaka? Za pasi?"

Wakaongea, wakagombana, mwishowe wakanuniana. Kaka akaenda mahakamani.

Hakimu alitaka kwanza ijulikane kama nyumba yaweza kukatwa vipande viwili. Akatumwa mpimaji. Jamaa akazunguka na utepe wake asubuhi nzima, kisha akaja kueleza kortini kwamba mlango ni mmoja, ukumbi ni mmoja, na ukuta wa kugawa, uuweke utakavyouweka, utapita katikati ya choo. Watu wakaangua kicheko. Mama Pasi naye akacheka, akashangaa kujisikia anacheka. Hakimu akangoja watulie, akaamuru nyumba ipigwe mnada na ndugu wagawane nusu kwa nusu.

Jirani wa Mama Pasi, mwanamke muuza mkaa, alikuwa akimsubiri nje.

"Shoga, lia basi. Hilo ukikaa nalo litakuua."

"Nimejipekua," akajibu Mama Pasi. "Sina kitu humu."

Siku ya mnada dalali wa mahakama alifika mapema, mtu wa makamo, mnene, mwenye adabu zake. Alipiga hodi, akasalimu, akaomba radhi kwa jambo lililomleta. Mama Pasi hakumsikia vizuri. Macho yake yalikuwa kwenye koti alilolishika mkononi, limekunjamana kama lililotafunwa na ng'ombe.

"Lete hilo."

"Aa, hapana dada, leo mimi nime..."

"Utasimama mbele za watu hivyo? Lete."

Akalitandaza mezani, akalinyunyizia maji, akalipiga pasi mgongo, mikono, kola. Dalali akalivaa na kuanza kupapasa mfuko wa suruali atafute pesa. Mama Pasi akatikisa kichwa. Baadaye wengine walisema kile kilikuwa kiburi, wengine wakasema unyonge. Alipoulizwa mwenyewe, alisema pasi ilikuwa imeshapata moto.

Mnada wenyewe haukukawia. Watu walichungulia vyumba, wakagonga kuta kwa vidole. Mmoja akafungua bomba kuona kama lina maji, akaliacha linamwaga. Mama Pasi akaenda kulifunga, kisha akaanza kuanua nguo maana wingu lilikuwa limetanda. Nyumba ikachukuliwa na mwenye duka la vifaa vya ujenzi.

Kaka alikuwa amesimama getini tangu mwanzo. Dalali alipotamka la mwisho, lile jitu zima likaketi chini na kulia kwa sauti, mpaka watu wakaangalia pembeni. Mama Pasi akamletea maji. Akamshikia kikombe.

"Umenichukia?"

"Sijui, kaka. Kunywa maji."

Mama Pasi alipanga chumba mtaa wa pili, chenye kiua kidogo, na wateja wakamfuata. Fungu lake likakaa benki bila kuguswa, hadi muuza mkaa alipomburuta wakanunue angalau kitanda. Jumapili kaka huja. Huzungumza habari za watoto na za mgongo, na nyumba hakuna anayeitaja.

Mwenye duka hakuikalia ile nyumba, aliibomoa yote. Muuza mkaa alikuja mbio kumwambia. Mama Pasi akafuta mikono, akaenda naye. Wakasimama kando ya kifusi, vumbi bado halijatulia.

"Kumbe kiwanja chenyewe kidogo hivi," akasema.

Muuza mkaa akamtazama usoni, akangoja. Lakini mashuka ya nyumba ya wageni yalitakiwa kabla ya jioni, na Mama Pasi alikuwa ameshageuka.