Mama Aliposema Leo

Kwenye klabu ya mashua kando ya ziwa la Naivasha, neno la kwanza tulilojifunza kwa wenye mashua lilikuwa neno tulilokwisha kulijua. Mzungu akitaka kugeuza mashua ili tanga lihamie upande wa pili, alipaza sauti ghafla. Wenzake waliinamisha vichwa wasipigwe na mti wa chini ya tanga, kisha wakarukia upande mwingine. Alichokisema kilikuwa Kiingereza cha mabaharia wao, chenye maana inayohusu upepo na upande unakoelekea. Hilo nimelijua majuzi tu. Sisi wafanyakazi, tuliosimama kando na ndoo zetu, tulisikia "Leo!"

Na kwa kuwa tulisikia leo, tukalitumia hivyo hivyo. Mabois wa mezani, wale wahudumu wa chakula, wakibeba meza ndefu kuipeleka uwanjani na wakataka kubadilisha mabega, mmoja alisema "Leo!" na meza ikahama. Sisi wanawake wa chumba cha matanga tukikamua tanga lililolowa, mmoja alisema "Leo!" na mikono ikageuka kusokota upande wa pili. Neno lilitoka na mwili ukafuata kabla akili haijauliza kitu. Kwetu lilikuwa siku hii, na pia lilikuwa geuka sasa, wala hatukuona ajabu.

Mama ndiye aliyekuwa mkubwa wa chumba cha matanga. Siku hizo matanga yalikuwa ya pamba nzito. Mvua iliyaotesha ukungu, na upepo wa alasiri unaotoka upande wa Longonot uliyachana. Mama aliyafua, akayaanika kwenye nyasi chini ya migunga ya manjano, akayatia viraka kwa sindano nene, kiganja chake kikiwa kimefungwa kipande cha ngozi. Mimi na dada yangu tulifanya kazi pamoja naye. Kutoka mlangoni ziwa lote lilionekana, na mama alishona uso wake ukiwa huko, akiyafuatilia matanga yake kama mtu anayeangalia watoto wake wakicheza mbali na nyumba.

Dada alikuwa amechumbiwa na kijana wa kiwanda cha mbao cha Elburgon. Wazee walikuwa wamekwisha kukubaliana, gauni lilikuwa limeshonwa, lakini harusi haikuwa na mahali wala ruhusa. Ilikuwa miaka ya hali ya hatari. Watu wakikusanyika, polisi walitaka kuona kibali. Mara ya kwanza tulikataliwa. Mara ya pili kibali kilifika baada ya siku yenyewe kupita, na viazi vilivyoletwa na ndugu zetu kutoka Keringet vikachipua ndani ya magunia. Mchungaji alikuwa radhi kuwafungisha ndoa kimyakimya asubuhi moja, kisha kila mtu arudi kazini. Mama hakutaka kusikia.

"Mtoto wangu wa kwanza hataolewa kama mtu anayetoroka," alisema. "Nataka wimbo. Nataka watu waone."

Njia ilikuwa moja tu, na ilipita majini. Kila mwaka, siku ya pili ya Krismasi, wanachama wa klabu walikaa kwenye viti vyao uwanjani wakawaachia wafanyakazi mashua kuukuu washindane. Vijana wanaotunza mashua hawakuruhusiwa kuingia, kwa sababu wangeshinda kila mara. Wao walikuwa waamuzi. Kundi lililoshinda lilipewa uwanja wa klabu Jumamosi moja nzima kwa sherehe yake, na katibu wa klabu mwenyewe alikwenda kwa DC kuleta kibali. Yeye hakukataliwa kamwe. Lakini kila mwaka mabois wa mezani ndio walioshinda, na kila mwaka wakacheza densi yao juu ya zile nyasi.

Kiongozi wao alikuwa nyapara wa mezani, mtu mrefu mwenye kanzu nyeupe isiyo na doa na tarbushi nyekundu. Alipenda maneno. Kila asubuhi alipita mlangoni petu na sinia ya chai akiulizia jambo moja.

"Mama, hiyo harusi ni lini?"

"Itafika."

"Itafika na treni gani? Maana bibi harusi ataanza kuota mvi."

Dada alizoea kucheka naye. Lakini baada ya kile kibali cha pili aliacha kucheka. Nilimwona akilikunjua gauni lake, akalikunja tena, akalirudisha sandukuni.

Wiki zilizotangulia Krismasi, nyapara alikuwa kwenye baraza la jikoni akipanga nani atapanda mashua ipi. Mama alikwenda huko na ngozi yake bado iko kiganjani.

"Niandikie mashua moja," alisema. "Mimi na mabinti zangu."

Jiko zima likaangua kicheko. Mpishi mkuu, mtu mnene mwenye sauti nyembamba, aliketi juu ya gunia la unga ili asianguke.

"Mama, kule hakuna nguo za kuanika," nyapara alisema. "Mashindano ni ya wafanyakazi."

"Na mimi ni nani? Au hayo matanga yanashonwa na ndege?"

"Ni ya wanaume wafanyakazi."

"Nani alisema wanaume? Ni wewe, ama ni wenye mashua?"

Katibu wa klabu alikuwa amesimama dirishani na kikombe. Alijua Kiswahili cha jikoni. Aliangalia ziwa, akamwangalia mama, kisha akasema, "Mpe mashua." Sijui kama alitaka haki au alitaka kichekesho cha sikukuu. Mama hakujali ni lipi kati ya hayo mawili.

Tulipewa ile mbovu kuliko zote, iliyolala kwenye mafunjo ikiwa na ufa ubavuni. Bwana harusi alikuja kwa lori la mbao kutoka Elburgon na ubao wa mwerezi begani, na siku nzima klabu ilinukia msitu wa Mau. Mama alichagua vipande vya matanga yaliyotupwa akatushonea tanga letu, viraka juu ya viraka, jeupe hapa, la maziwa pale, kahawia penye ukungu wa zamani. Halikuwa na uzuri wowote hadi lilipopata upepo. Hapo lilijaa kama shavu la mpiga tarumbeta.

Siku za Jumatatu, klabu ikiwa imefungwa kwa wanachama, tulifanya mazoezi. Mama alishika usukani. Dada alishika kamba ya tanga kubwa na mimi ile ya tanga dogo la mbele. Mwanzoni tulizunguka pale pale huku viboko wakitutazama. Niligongwa na mti wa tanga hadi nikaona nyota. Mama alirudia jambo moja tu.

"Ukisikia leo, usifikiri. Geuka. Utafikiri tukifika nchi kavu."

Siku yenyewe upepo uliamka mapema. Wanachama walijipanga uwanjani na kofia zao, na wafanyakazi kutoka mashamba ya jirani wakajaa nje ya seng'enge ya lango la nyuma. Zilikuwa mashua tatu: ya mabois wa mezani, ya watu wa bustani, na yetu. Njia ilikuwa kwenda na upepo hadi boya jekundu mbele ya kisiwa, kulizunguka, na kurudi gatini kwa kupambana na ule upepo. Nyapara alikuja na kanzu yake na tarbushi yake. Alisema hawezi kushinda akiwa amevaa kama mvuvi.

Tulipokwenda na upepo, watu wa bustani walipita karibu mno na mafunjo, wakanasa kwenye magugu ya maji. Tuliwaacha wakivutana na mizizi na kulaumiana. Mabois walilizunguka boya mbele yetu, nasi tukalizunguka baada yao, karibu kiasi cha kuligusa.

Kurudi ndiko kulikokuwa kazi. Mashua haiwezi kwenda moja kwa moja dhidi ya upepo. Huenda mshazari upande huu, ikageuka, ikaenda mshazari upande ule, na kila kugeuka ni mahali pa kupoteza. Sisi hatukupoteza. "Leo!" mama alisema, tukainama, tukahama, tanga likajaa tena. "Leo!" Kila mara tuliwakaribia zaidi. Mikono ya dada ilikuwa imechubuliwa na kamba, lakini nilipomtazama alikuwa anacheka, kwa mara ya kwanza tangu kile kibali.

Karibu na gati tulikuwa tumefika ubavuni mwao. Wao walikuwa mbele kidogo, upande upepo unakotoka, nyapara, mpishi mkuu na kijana wa baa, wameketi wote watatu ukingoni, migongo juu ya maji, kuizuia mashua isilale. Mbele yetu sote kulikuwa na ukuta wa mafunjo, na wakati wowote ingebidi kugeuka. Nyapara alitugeukia. Kanzu yake ilikuwa imelowa hadi kifuani na tarbushi ilikuwa bado kichwani. Alikuwa na hakika ya ushindi, na mtu wa maneno akiwa na hakika hawezi kunyamaza.

"Mama!" akapaza sauti juu ya upepo. "Harusi ni lini?"

Mama alivuta pumzi ya miezi yote ile.

"LEO!"

Na pale pale akasukuma usukani. Mimi na dada tukainama tukahama kabla hatujajua. Tanga letu la viraka likapita juu ya vichwa vyetu na kujaa upande wa pili.

Mabois nao walikuwa wamefundishwa vizuri. Mpishi mkuu na kijana wa baa walisikia leo na hawakufikiri. Waliachia kamba wakarukia upande wa pili kwa utii kamili, lakini nyapara hakuwa amegeuza usukani hata kidogo. Mashua yao ikabaki na uzito wote upande wa chini. Ikalala taratibu, kama ng'ombe anayejilaza, tanga likagusa maji, na maji yakaingia.

"Nani amesema leo?" nyapara alinguruma.

"Si wewe umeuliza!" mpishi mkuu akajibu, maji yakiwa kifuani.

Tulipita nyuma yao. Tarbushi ilikuwa ikielea kando yetu, nami nikaiokota kwa mkono mmoja bila kuachia kamba. Tuligeuka mara moja tena, na kengele ya klabu ikapigwa kwa ajili yetu. Nje ya seng'enge vigelegele vilipanda vikawafukuza ndege wote kwenye migunga. Wanachama walisimama wakapiga makofi. Mama alishuka gatini na gauni lililolowa, akanyoosha kitambaa chake cha kichwa, akampa katibu mkono kabla yeye hajamnyooshea wake.

"Jumamosi," mama alimwambia.

Nyapara alifika akiwa anavutwa kwa kamba na waamuzi. Nilimpa tarbushi yake. Aliikamua, akaivaa. Halafu akacheka hadi akashika magoti.

"Mama, umenijibu. Miezi yote nauliza, na leo umenijibu! Hiyo chai ya harusi nitagawa mwenyewe. Mtu mwingine asiguse sinia."

Akatimiza. Jumamosi ile malori ya Elburgon yalileta watu walioketi juu ya mbao, wakiimba tangu Gilgil. Ndugu wa Keringet walikuja na viazi vipya na vibuyu vya maziwa. Waliingia kwa lango la mbele. Wazee walikaa kwenye vile viti vya turubai ambavyo tulizoea kuvifuta tu, wakajaribu kwanza kama vitawabeba, kisha wakajiachia. Tanga letu la viraka lilitandazwa kati ya migunga miwili likawa kivuli cha maharusi. Nyapara alipita na chai, mgongo umenyooka, akimwita dada memsahib, kama walivyoitwa wake wa wanachama.

Vyakula vilipokuwa tayari, mchungaji alisimama, akafungua mikono, akaanza kwa sauti yake ya kanisani:

"Leo..."

Mabois wote, wapishi wote, watu wa bustani, mama, mimi, hata bibi harusi na shela yake, tukainamisha vichwa kwa pamoja.

Mchungaji, mgeni katika mambo ya mashua, alivitazama vichwa vyetu vilivyoinama. Niliinua jicho moja nikamwona amejawa na furaha. Hakuwa amewahi kupata watu walio tayari kwa maombi kiasi kile. Akafumba macho, akaomba, akaomba kwa kirefu, na chini ya lile tanga mabega yetu yakatetemeka kwa kicheko hadi tukasikia amina.