Siku Ng'ombe wa Uhuru Alipokimbilia Masanze

Ukiwaamini watu wa Ulaya, kijiji chetu cha wilayani Kilosa, si ile ya Wazungu, tarehe tisa Desemba mwaka 1961 ilikuwa na saa nyingi kuliko siku nyingine zote. Siku hiyo tulipata Uhuru, hilo sibishi. Lakini siku hiyohiyo simba alitoka Mikumi akaja kunywa maji nyuma ya msikiti, ghala la pamba likaungua, fundi cherehani wa sokoni akaoa mke wa tatu, na bibi mmoja aliyekuwa haoni akaona. Mtu akisahau tarehe ya jambo lake hulisogeza hadi Uhuru, kama anayesogeza kigoda karibu na moto. Nilikua nikizisikia habari hizi, na nilipokwenda chuo kikuu Dar es Salaam nikafundishwa kudai ushahidi wa kila kitu, hizi ndizo za kwanza kuzitilia shaka.

Kwa hiyo niliporudi likizo mwishoni mwa mwaka 1971, nikakuta kijiji kinamtafuta mtoto aliyezaliwa siku ya Uhuru, nilifurahi kuliko ilivyostahili. Wilaya ilitaka kila kata itoe mtoto mmoja anayetimiza miaka kumi pamoja na taifa, avae nguo mpya, akae jukwaani Kilosa mjini pamoja na wageni wa heshima, na jina lake litajwe kwenye kipaza sauti. Ulaya tulikuwa nao wengi mno. Karibu darasa zima la tatu lilikuwa limezaliwa siku moja. Mkunga aliyewapokea wote hao alikuwa ameshafariki, Mungu amrehemu, vinginevyo ningemuuliza alikuwa na mikono mingapi.

Mwenyekiti wa kijiji aliniita ofisini.

"Wewe msomi," akasema, "kazi yenu huko ni kuuliza maswali. Njoo uulize hapa tumpate mmoja. Lakini usiniletee fujo."

"Shikamoo, Mwenyekiti."

"Marahaba. Unaona, hata salamu ulikuwa umeiacha Dar es Salaam."

Swali nilikuwa nalo tayari, tena moja tu: siku ile mlikula nini? Nilijua kila mtu angejibu nyama ya ng'ombe, kwa sababu Mwenyekiti mwenyewe katika hotuba zake za kila mwaka alisema kwamba siku ile mkubwa na mdogo walikula nyama wakashiba. Hakuna aliyekula. Mimi nilikuwa mtoto wa miaka kumi na mmoja, na njaa yangu ya siku ile naikumbuka. Ng'ombe wa sherehe alikuwa amefungwa kwenye mlingoti wa bendera, mti uliosimikwa jana yake tu kwenye mchanga. Ngoma zilipoanza, ng'ombe akashtuka, akaung'oa mlingoti, akaondoka nao akiuburuta katikati ya nyumba za watu, sisi watoto nyuma yake, wakubwa nyuma yetu, mpaka kijiji jirani cha Masanze. Watu wa Masanze wakadhani serikali mpya imewatumia zawadi. Wazee wetu walipofika walikuta visu vimeshanolewa, na mazungumzo ya kumrudisha mnyama yakaendelea hadi giza likaingia. Nyama tuliila kesho yake, tarehe kumi.

Kijana aliyemfunga ng'ombe kwenye mlingoti alivaa shati la kijani na filimbi shingoni. Miaka kumi baadaye ndiye aliyekuwa Mwenyekiti wetu.

Miongoni mwa watoto waliotajwa alikuwamo binti wa mama yangu mdogo. Kwa akina mama wengine lilikuwa suala la gauni jipya na safari ya Kilosa. Kwa mama mdogo lilikuwa jambo jingine. Mwaka ule wa Uhuru aliolewa mara tu baada ya Idd, mwezi wa tatu. Mtoto akizaliwa Desemba, hesabu inakaa sawa na hakuna la kusema. Lakini wifi yake, dada wa mumewe, kwa miaka yote kumi alikuwa akisema kisimani kwamba mtoto yule alizaliwa kabla ya mvua za vuli, watu wakiwa bado wanachoma mashamba. Hakuwa akiongeza neno. Alihesabu vidole tu, na alipofika cha saba alifumba mkono. Mama mdogo naye alikuwa na jibu moja: siku ya Uhuru. Jukwaa la Kilosa lingeufunga ule mkono moja kwa moja.

Jioni kabla ya kikao nilikwenda kwake. Nilimkuta anapepeta mpunga.

"Mama, kesho utaulizwa ulikula nini siku ile," nikaanza.

"Nani ataniuliza?"

"Mimi."

"Basi niulize kesho. Leo kaa ule."

"Lakini sikiliza, ile nyama..."

"Nimekuogesha, nimekuvalisha kaptura, leo unataka kunifundisha mimba yangu?"

Nikakaa, nikala.

Kesho yake darasa la shule lilijaa. Mama wa kwanza akasema uchungu ulimshika aliposikia harufu ya nyama inayochemka. Wa pili akasema mumewe alimletea kipande cha ini, na hata kabla hajakimeza mtoto akatoka. Nikasimama, nikaeleza kwa adabu kwamba nyama ililiwa tarehe kumi, na kwa hiyo watoto hao nao ni wa tarehe kumi. Wazee wakatazamana. Mmoja akacheka peke yake, halafu wakacheka wengi.

"Mambo ya ng'ombe hayahusu kikao hiki," Mwenyekiti akasema.

Alikuwa amechelewa. Mama wa tatu alisimama na kusema kwamba yeye hakusikia harufu ya nyama, alisikia harufu ya ng'ombe mwenyewe akipita mlangoni kwake. Baada ya hapo ng'ombe akapita kwenye milango yote ya Ulaya, pamoja na milango ya nyumba ambazo siku ile zilikuwa bado hazijajengwa.

"Sawa," nikasema. "Alikuwa anaburuta nini?"

Mmoja akasema kamba. Mwingine akasema ndama. Mwenyekiti akashikwa na kikohozi.

"Mlingoti," mama mdogo akasema bila kusimama. "Uligonga mtungi wangu pale mlangoni ukapasuka. Na hakuna aliyerudi kuniambia pole."

Wifi yake alikuwa amekaa dirishani. "Kumwona ng'ombe si kuzaa," akasema. "Ni kweli alisimama mlangoni. Alisimama na mtoto mgongoni."

Lazima niseme ukweli: ile ilikuwa hoja nzuri, na swali langu mwenyewe ndilo lililoifungulia mlango.

"Wewe wifi ulinionaje?" mama mdogo akauliza. "Si ndiwe uliyekuwa mbele ya wanaume wote kukimbilia Masanze kufuata nyama?"

"Nilipita nikaona."

"Kwa mbio zile? Kanga yako tuliiokota kwenye michongoma."

Watu walicheka mpaka benchi moja likaanguka. Mwenyekiti akaona nafasi ya kumtoa ng'ombe kikaoni. Akanigeukia.

"Msomi, na wewe ulikuwamo kwenye msafara. Ulipita mlangoni pale. Tuambie, mama yako mdogo ulimwona na tumbo au na mtoto?"

Kicheko kikakatika. Mama mdogo aliacha kunitazama, akatazama mikono yake.

Nilijaribu kwa moyo wote kukumbuka. Ule mlango ninauona mpaka leo. Nauona mtungi uliopasuka na maji yanavyokimbilia mchangani, nauona upindo wa kanga na miguu ya mtu anayerudi nyuma. Juu ya hapo sioni kitu, kwa sababu macho yangu yalikuwa kwa ng'ombe. Chuoni ningeandika kwamba ushahidi hautoshi, na mwalimu angenisifu. Lakini pale darasani jibu hilo lingekuwa ushindi wa wifi, maana kwa miaka kumi yeye hakuwa akiuza kitu kingine. Nilikuwa nimezoea kudhani kwamba shaka ni mali yetu sisi tuliosoma. Kumbe mwenzangu alikuwa ameketi dirishani, biashara ni ileile, na wateja wake wengi kuliko wangu.

"Mimi nilikuwa namtazama ng'ombe, Mwenyekiti," nikasema. "Namkumbuka vizuri sana. Namkumbuka hata kijana aliyemfunga. Nikianza kueleza tangu pale alipofungwa, na nani alimfunga, na kwenye nini, pengine na hayo mengine yatanijia."

Mwenyekiti akafunga kalamu yake.

"Haina haja," akasema. "Kikao kimeridhika. Anayeujua mlingoti ndiye aliyekuwapo."

"Aliyekuwapo ndiye aliyezaa?" wifi akauliza.

"Mama, kikao kimefungwa."

Tarehe tisa Desemba tulikwenda Kilosa kwa lori. Binti alikaa jukwaani na viatu vilivyombana, amenuna kama kiongozi kamili. Jina lake lilipotajwa, sauti ya kwenye kipaza sauti iliongeza kwamba amezaliwa saa ileile bendera ilipopanda. Saa hiyo hata sisi hatukuwa tumeiomba. Uwanja mzima ukapiga makofi, na wifi naye akapiga, kwa sababu waliomzunguka walikuwa wanamtazama. Mama mdogo hakutazama gwaride wala ngoma. Alikuwa akiitazama ile mikono miwili ya wifi yake inavyopiga makofi, vidole vyote vikiwa wazi.

Njiani kurudi, wifi ndiye aliyempakata mtoto ili gauni lisichafuke, wakalala wote wawili. Nikamsogelea mama mdogo.

"Mama, sasa yamekwisha. Hivi huyu alizaliwa lini hasa?"

"Kwenye sherehe ulikuwapo?"

"Nilikuwapo."

"Walivyosema umesikia?"

"Nimesikia."

"Na huko chuoni wanakusomesha nini vile?"

"Historia."

"Basi andika," akasema, akanimenyea ndizi.