Wafugaji wa Bogoro Wako Kwetu

Siku ya kutetea mradi wa teze, tasnifu yangu ya udaktari, juu ya wafugaji wa Bogoro, jasho lilinitoka mpaka viatu vikaogelea. Juri ya maprofesa ikikataa, mimi mtoto wa masomo ya jioni ningeanza upya.

Mwenyekiti akafunga makaratasi yangu. "Muzee, barabara ya Bogoro ikifungwa na vita, hao wafugaji utawauliza wapi?"

Profesa aliyeniongoza akaangalia chini. Nikamgeukia mwenyekiti.

"Prof, ilishafungwa. Wako kwetu, hapa Bunia. Shangazi yangu iko analala mu kitanda yangu, ngombe zake ziko nyuma ya choo."

Hakuna aliyecheka. Mwenyekiti akayafungua tena makaratasi, polepole.

"Basi badilisha kichwa: wafugaji wa Bogoro waliokimbilia Bunia. Na utaanza na huyo shangazi."