Mateka Hula Kwanza

Mimi nina hasira za karibu, na rafiki yangu analijua hilo. Ndiyo maana kwa zaidi ya miaka ishirini tumepigana vita vyetu daftarini. Tungepigana kwa mdomo tungekuwa tumeachana zamani.

Tulikutana chuo cha ualimu. Baba yangu alikuwa askari jeshi, wake askari magereza, kwa hiyo katika bweni lile ni sisi wawili tu tuliokua tukisema Kiswahili nyumbani. Kwa wenzetu kilikuwa lugha ya askari; wakikisikia walikumbuka kambi na amri. Mmoja alituomba tusikiseme karibu na kitanda chake. Basi tukakifanya lugha ya kucheka. Nilinunua daftari, nikaandika hadithi ya jenerali wa Jinja, yaani mimi, aliyeivamia ngome ya malkia wa Mbale, yaani yeye, akamtia pingu. Asubuhi akaliiba daftari na kuandika jinsi malkia alivyojitorosha. Kufikia sura ya tatu, aliyefungwa ni mimi.

Hatujaacha. Mimi nafundisha Jinja na kuishi Kimaka. Yeye anafundisha Mbale, na nyumba yake iko Wanale, chini kabisa ya mlima. Simu tunazo, lakini vita vyetu havipiganwi kwa simu. Daftari husafiri kwa basi, mkononi mwa kondakta tunayemfahamu, na kushushwa Namatala, mtaa wa Mbale, kwenye duka la shangazi yake. Sheria ni mbili tu. Hakuna kuua. Na mateka hula kwanza: mshindi haruhusiwi kutia tonge mdomoni kabla hajamlisha adui yake. Nimekula malewa mara nyingi ajabu katika gereza lake, yale machipukizi ya mianzi yaliyokaushwa kwa moshi na kuungwa kwa karanga. Kwangu yeye hulishwa viazi vitamu, na kila mara hulalamika kurasa mbili nzima kwamba sisi Wasoga wa Jinja tunataka kumvimbisha tumbo.

Mwaka jana, msimu wa mvua, alinifungia kwenye banda la mbuzi. Nilikasirika kweli, mtu mzima mwenye mvi zangu. Nikaandika sura ya kulipiza kisasi: jenerali anaamuru mvua, mlima unamwaga tope, tope linazoa jiko la malkia pamoja na sufuria zote, na malkia anajisalimisha akiwa na mwiko tu mkononi. Nilicheka peke yangu nikiandika. Daftari likaondoka Ijumaa.

Jumamosi mvua kubwa ilinyesha Mbale. Jumapili, tukitoka kanisani, mwalimu mwenzangu aliniambia tope limeshuka Wanale. Kwa rafiki yangu wote walikuwa salama, lakini jiko lao lilikuwa limekwenda lote. Nilipiga simu, haikupatikana. Nikapiga tena na tena.

Mzaha mzaha hutumbuka usaha, walisema wahenga. Sikudhani kwamba maneno yangu ndiyo yaliyoushusha mlima. Mimi si mjinga kiasi hicho. Niliogopa kwamba angelifungua daftari akiwa amesimama kwenye tope lile, na kunikuta humo nikimcheka. Sikuzaliwa na dada. Ninaye yeye tu, na niliona nimempoteza kwa kalamu yangu mwenyewe.

Nikapanda basi siku hiyo hiyo. Namatala, shangazi yake aliniambia daftari lilichukuliwa Jumamosi asubuhi, kabla ya mvua. Nikatafuta bodaboda ya kunifikisha Wanale.

Nilimkuta uani, kanga imefungwa kiunoni, akizoa tope pamoja na mumewe na majirani. Alinitazama, hakunisalimu. Nilianza kuomba msamaha. Akaninyamazisha kwa mkono, akaenda barazani alikokuwa amepanga mafiga matatu, akarudi na sahani moja. Yalikuwa malewa aliyopewa na jirani. Watu wale walikuwa hawajala tangu asubuhi, na wote walikuwa wakitutazama.

"Afande, kaa, kula," aliniambia. "Mateka anakula kwanza."

Nililia nikila, na sioni haya kulisema. Baadaye mumewe alinieleza kwamba mkewe aliisoma ile sura mvua ilipokatika, akiwa amekalia ndoo, akacheka mpaka yeye akadhani amerukwa na akili. Kabla ya hapo alikuwa hajatoa hata chozi, wala neno.

Nilipomaliza kula, akanikabidhi jembe. "Sasa," akasema, "rudisha mlima yako pahali ulitoa."

Nilikaa mpaka Jumatano nikiurudisha. Mikono yangu ya chaki ilichubuka, na kila nilipopumzika alinikumbusha kwa sauti, mbele ya majirani, kwamba mimi ni mfungwa. Sijawahi kushukuru matusi kama yale. Siku ya kuondoka alinipa daftari ndani ya mfuko wa plastiki. Ndani yake alikuwa amemkamata jenerali na kumhukumu kifungo cha maisha katika jiko jipya, ambalo wakati huo lilikuwa bado halina hata nguzo.

Leo lina kuta na bati. Daftari liko hapa mezani pangu Kimaka na zamu ni yangu. Ni juu yangu kumtorosha jenerali. Njia naijua, maana mlango wa jiko lile nilirudi nikasaidia kuutia mwenyewe. Kila nikishika kalamu namkuta jenerali ameketi karibu na moto, sahani ya kwanza mapajani, nami namwacha hapo.