Ndoana Ndani ya Dole Gumba

Mimi ni fundi cherehani. Shule niliachia darasa la nne na sioni aibu, kwa sababu wenye digrii zao wa Johannesburg hii wananifuata Yeoville niwapunguzie suruali. Kitambaa nakijua kwa kukisugua kati ya dole gumba na kidole cha shahada. Sufu, nailoni, mchanganyiko, vidole vinaniambia. Lebo sizisomi, na nyingine hata nikitaka siziwezi.

Kuvua samaki nilijifunzia huku huku. Mtu wa Tabora mimi, sikukulia majini. Mteja mmoja mstaafu ndiye aliyenipeleka bwawani mara ya kwanza, akanionyesha bass, samaki mwenye mdomo mkubwa anayejificha kwenye matete akivizia. Huyo havuliwi kwa nguvu. Unamtegea nyungunyungu wa plastiki, laini kama ute wa bamia, aliyetiwa chumvi na harufu ya kitunguu saumu. Maji yakiwa ya tope, tumia mweusi au wa zambarau, kivuli kionekane. Maji yakiwa meupe, tumia wa kijani mwenye vidoadoa. Chubwi, ile risasi ya kumzamisha, iwe ndogo kabisa, azame polepole. Kisha usifanye kitu. Laza mshipi juu ya kidole, ungoje. Bass anamfyonza tu, na kidoleni inafika kama mtu amekugusa kwa unyoya. Ukichelewa, ameshamtema.

Hayo yote nilimfundisha mkwe wangu, mume wa binti yangu. Ni Mkenya, yuko benki, wanakaa Midrand. Kila Jumamosi asubuhi ananipitia na gari.

"Unavuta kama unaswaga ng'ombe," nilikuwa namwambia.

"Sawa mzee, si unifunze basi."

"Nakufundisha. Kichwa ndicho kimejaa riba."

Basi ikafika wakati mwanafunzi anavua na mwalimu anarudi mikono mitupu. Jumamosi moja, ya pili, ya tano. Nikalaumu nyungunyungu. Nikabadili rangi, nikabadili urefu, nikaongeza chubwi. Mwisho nikawaacha kabisa nikahamia kwenye jigi, ndoana yenye kichwa cha risasi na sketi ya nyuzi za mpira, kitu kizito cha kugongagonga mawe chini ya maji. Nikamwambia mkwe kwamba maji yamepoa, samaki wamekwenda chini, jigi ndiyo dawa. Akaniamini, maana mimi ndiye mjuzi.

Kila jigi niliyonunua ilikuwa nzito kuliko ya kabla yake, na sikujiuliza kwa nini. Nasema uongo. Nilijua. Jiwe nililisikia bado. Samaki ndiye nilikuwa simsikii tena.

Jumamosi hiyo jigi yangu ilinasa kwenye mwamba ikakatika. Mkwe alikuwa ameshatoa bass watatu na kuwarudisha majini, kama wanavyofanya wavuvi wa huku, mchezo ambao mimi hadi leo sijauelewa.

"Mzee, leo wanataka nyungunyungu tu. Chukua huyu wangu."

Nikamchukua. Kumvalisha ndoana ni ushonaji: unaingiza ncha kichwani, unaitoa, unaigeuza, unairudisha tumboni na kuificha ndani, kama pindo ambalo uzi wake hauonekani nje. Nimefanya mara elfu bila kutazama, na hata siku hiyo sikutazama. Nilikuwa namsimulia habari za baba wa bibi harusi anayetaka suruali ya kubana, na tumbo lile. Mkwe anacheka. Mara akaacha kucheka.

"Baba."

Huyu huniita mzee. Baba ananiita msibani.

"Nini?"

"Damu."

Ndoana ilikuwa imepita katikati ya plastiki ikazama kwenye dole gumba langu la kulia, mpaka pale inapopinda. Damu inatiririka kiganjani, inadondokea suruali, nami nilikuwa nimeendelea kuzungumza. Ni kama niliipigilia kwenye ubao wa mtu mwingine.

Akaleta koleo. "Itauma sana."

"Toa."

Akaisukuma hadi ncha ikatokeza upande wa pili, akakata kile kijino chake cha kunasia, akairudisha nyuma. Muda wote huo alikuwa akitazama uso wangu, dole halitazami. Nami nilisahau kukunja uso.

"Hukusikia kitu."

"Ngozi ya fundi hii. Sindano zimenichoma miaka arobaini."

"Hiyo si ngozi, Baba."

"Usimwambie mkeo."

Akakusanya vifaa, akawasha gari. Tulikuwa tumeshaingia mjini, tumesimama kwenye robot, taa za barabarani wanavyoziita huku, ndipo akasema, "Sitamwambia. Utamwambia wewe. Usipomwambia, Jumamosi sikupitii."

Mkwe, ananiambia mimi hivyo! Nikamwamuru asimamishe gari nishuke, nitapanda teksi.

"Tumesimama, mzee," akasema, "na mlango haujafungwa." Sikushuka.

Jumatatu nilifungua duka mapema. Juu ya meza lilikuwepo koti la huyo baba wa bibi harusi, mikono bado. Nikakusanya vipande vya kitambaa, nikafumba macho, nikavichanganya, nikavisugua kimoja kimoja. Kwa mkono wa kushoto sikukosa hata kimoja. Kwa wa kulia nilichokiita sufu kilikuwa bitana. Nikarudia. Nikarudia tena, nikisugua kwa nguvu hadi kidonda kikafunguka, na sikujua kimefunguka mpaka nilipofumbua macho nikaona doa.

Nikampigia binti yangu. Yeye amezaliwa hapa. Kiswahili anakielewa chote lakini hujibu kwa Kiingereza, na ndivyo tunavyogombana, kila mtu na lugha yake. Nikamwambia polepole: vidole vyangu vya kulia havisikii.

Akaniuliza kwa Kiswahili, "Tangu lini?"

Nilikuwa na uongo tayari, wa wiki mbili. Nikasema, "Tangu majira ya baridi."

"Baridi hii?"

"Hapana. Ile nyingine."

Nikasikia funguo zikikusanywa. "Nakuja. Tunaenda kliniki."

"Nina koti la watu hapa, mama."

"Baba, umeshika nini sasa hivi?"

Nikatazama mkono wa kulia. Nilikuwa nimeshika mkasi.

"Uweke chini."

Nikauweka.