Nusu ya Juu ya Karatasi

Mwaka ule dada yangu alinikabidhi watoto wake wawili, msichana wa miaka saba na mdogo wake aliyekaribia sita, kwa sababu maji yalikuwa yameingia katika nyumba yao ya Gatumba, kando ya ziwa karibu na mpaka wa Kongo, na shule yao ilikuwa imefungwa. Walihamia kwetu Ruziba, upande wa juu wa barabara. Kila alfajiri dada alirudi mpakani kuuza vitenge. Mimi, mama yao mdogo, au Tantine kama walivyoniita, nilikuwa nimetoka chuo kikuu na shahada ya ualimu, bila kazi bado, hivyo nikabaki na watoto na meza ya jikoni.

Lengo lilikuwa moja. Kabla ya masomo ya Septemba kuanza, mkuu wa shule ya jirani angempa msichana jaribio la kuandika. Akifaulu, angeingia darasa la pili na rika lake. Akishindwa, angeanza upya darasa la kwanza pamoja na mdogo wake.

"We mwalimu wa iniversite," dada aliniambia, "mi sitaki wachore-chore tu. Akikaa na mudogo wake, watamucheka mpaka aolewe."

Lakini mimi niliamini katika kuchora. Niliamini kwamba mkono unaochora kile ambacho jicho limekiona utakuja kuandika bila kulazimishwa. Kwa hiyo tulifuata majira. Wakati wa mvua tulipanda maharage ndani ya kopo na kuchora kila jani lililochomoza. Impeshi, kiangazi chetu, ilipoanza, tuliteremka ufukweni kuwatazama wanawake wakianika ndagala, tukarudi kuwachora samaki wale, kisha kuandika kando ya kila picha neno moja kwa herufi za kuunganisha.

Hapo ndipo nilipogundua kwamba msichana havuki katikati ya karatasi. Maharage, samaki, herufi zake nzuri, vyote vilibanana nusu ya juu na kukanyagana, huku chini kukibaki kweupe. Nilijaribu kila nililofundishwa. Nilichora nyota chini ili azifuate, hakuzifuata. Nilimgeuzia karatasi, akaigeuza tena. Mara moja nilimkemea, na mpaka leo naona aibu.

Siku moja nilikuwa nikimfundisha mdogo wake zoezi la mawimbi, ule mstari wa kupanda na kushuka ambao hulegeza mkono kabla ya herufi. Msichana alichukua kalamu ya buluu, akaijaza mawimbi nusu ya chini ya karatasi yake mpaka ukingoni, bila kusita.

"Kumbe unaweza kuandika huku!" nikasema.

"Tantine, hiyo si kuandika. Hiyo ni maji."

"Na herufi?"

"Herufi inakaa juu. Kwetu, vitu vya chini vyote vilioza."

"Hata kiatu ya papa!" mdogo wake akadakia, akimtaja baba yao.

"Kiatu ya papa haikuoza. Ilienda Kongo bila papa."

Wakacheka mpaka meza ikatikisika. Mimi sikucheka. Nilitazama ile karatasi. Nimponye? Nimponye nini? Mtoto alikuwa ameyaona maji na kuyaweka mahali pake, na hicho ndicho nilichokuwa nikimhubiria tangu mwanzo: chora ulichokiona. Lakini karatasi ya mkuu wa shule isingeongezwa urefu kwa ajili yake. Nikimwambia kwamba maji hayatarudi, nitakuwa nimemwahidi jambo ambalo ziwa lenyewe halijaniahidi.

Jioni nilimweleza dada. Alikunja vitenge vyake vyote kabla ya kujibu.

"Mudanganye," akasema. "Mi namudanganya kila siku."

Nilikataa. Nilimweleza habari za ukweli na mtoto, kwa maneno marefu ya chuoni, naye akanisikiliza kwa heshima ambayo ilinichanganya zaidi kuliko ubishi.

Asubuhi ya jaribio nilimdanganya. Nilimwambia kwamba karatasi za shule huwekwa juu ya kabati, mahali ambapo maji hayafiki.

"Juu kabisa?"

"Juu kabisa."

Mkuu wa shule, mwanamke mwenye miwani na haraka, alimpa sentensi tano azinakili ofisini kwake. Mimi nilikaa kwenye benchi ukutani. Sentensi ya tatu ilipoisha, nusu ya juu ilikuwa imejaa. Msichana aliinua macho, akalitazama kabati refu lililokuwa pembeni, kisha akanitazama mimi. Nikatikisa kichwa kukubali. Akaandika ya nne, halafu ya tano, polepole kama mtu anayepima kina kwa mguu.

"Muandiko muzuri sana. Ataingia ya pili," mkuu akasema. Kisha akaidondosha karatasi katika katoni iliyokuwa sakafuni, pamoja na za wengine, akasimama ili atusindikize.

Kwa aibu ya uongo wangu, furaha yenyewe sikujua niiweke wapi. Msichana aliitazama katoni. Aliinama, akaikumbatia kwa mikono yote miwili, akaipandisha juu ya kiti cha mkuu wa shule.

"Eh! We mutoto! Na mi nitakaa wapi?"

"Kabati ni murefu, Madame," akajibu kwa adabu. "Mi sifikie."

Nilipaswa kuomba radhi. Nilisimama katikati ya ofisi ile nisijue nianze na yupi kati yao wawili.