Tuliuza chini ya shamba tukabaki na juu. Msirudie kosa langu

Wakuu, wakubwa shikamooni, wadogo mambo.

Niko Durban, nasuka nywele, nina mtoto wa miaka mitatu. Form four nilimaliza, zaidi ya hapo sikwenda, kwa hiyo wenye digrii zenu msinisahihishie uandishi. Nimekasirika na nitaandika hivyo hivyo. Haya yamenikuta mimi, sijasimuliwa na mtu.

Kwetu ni upande wa Geita. Baba alipofariki alituachia shamba la ekari sita, muhogo mtupu, nyumba iko katikati, kisima nyuma ya nyumba. Aliyekuwa anaishi pale ni mama peke yake. Watoto tuko wawili tu, mimi na kaka yangu Mashaka, yeye anakaa mjini.

Mwaka jana akatokea jamaa mwenye leseni ndogo ya dhahabu. Jina simtaji, tumwite Bosi. Huyu hakutaka kununua shamba. Alisema bakini na shamba lenu, limeni kama kawaida, mimi niuzieni chini tu.

Nisimame hapo kidogo. Kwetu Tanzania dhahabu iliyo ardhini siyo yako hata kama shamba ni la babu yako, ni ya serikali. Unachomuuzia mwenye leseni ni ridhaa yako, achimbe bila ugomvi. Hilo nimelijua baadaye. Wakati ule nyumbani walikuwa wanasema tu "kuuza chini", kama vile shamba ni ghorofa, unapangisha chini unalala juu.

Kikao kikakaa bila mimi. Habari nikaletewa kwenye group la familia, kwa voice note.

Dakika kumi na moja!

Kaka yangu hamumjui, lakini kila ukoo unaye mmoja. Anaanza na salamu, anauliza baridi ya Durban, anamsalimia mtoto, anamsalimia na baba wa mtoto ambaye tulishaachana.

Ilikuwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, saluni yetu hapa Greyville imejaa. Nimeshika kichwa cha binti mmoja mwanafunzi wa Westville, nusu bado, mwanangu Imani analia mgongoni. Simu nimeibana kwa bega. Nikasikiliza dakika kama nne, mpaka kaka aliposema, "Mama Imani, shamba hatuuzi. Narudia, shamba haliendi popote, linabaki letu."

Nikaona inatosha. Nikaandika kwa kidole kimoja chenye mafuta: "Sawa kaka, kama shamba linabaki mimi sina neno."

Nikarudi kwenye nywele.

Wakuu, ule ujumbe ulipigwa screenshot, ukaprintiwa, ukapelekwa kwa mwenyekiti wa kijiji kama ridhaa ya mtoto aliyeko nje ya nchi. Kaka akasaini. Mama akaweka dole gumba. Wiki ile ile.

Mgao wangu ulifika na siwafichi, nilifurahi. Nilimnunulia Imani kitanda, maana tulikuwa tunabanana godoro moja.

Jirani yangu hapa flat ni Mkongo, Mama Divine. Kwao migodi ndiyo habari ya kila siku. Nilipomsimulia hakucheka.

"Banauzisha chini tu? Na nyumba ya mama yako iko fasi gani?"

"Katikati ya shamba."

"Eish, dada. Bale batu banakuyaka na stylo, banaendaka na nyumba."

Stylo ni kalamu. Nikamjibu kwa jeuri, "Mama Divine, kwenu kuna vita, kwetu kuna serikali." Akaendelea kuchambua sombe yake, kisamvu kwetu.

Basi.

Duara la kwanza lilichimbwa mpakani, mbali na nyumba. Kwa wasiojua, duara ni shimo la mgodi. Linashuka wima halafu linatambaa chini kwa chini kama mchwa, wewe uliye juu huwezi kujua limefika wapi. Mama ndiye alijua wa kwanza. Alikwenda kung'oa muhogo asubuhi, tuta likatitia, mguu ukazama mpaka gotini.

Likaja la pili, la tatu. Pampu zikawa zinavuta maji ya maduara kutwa kucha, kisima kikakauka. Ukuta wa chumba cha mama ukapasuka, ufa unaingiza mkono.

Kaka akampigia Bosi, mimi nikaunganishwa nisikie. Jamaa mpole kabisa: "Mashaka ndugu yangu, mimi nimegusa juu? Shamba si lenu bado? Limeni basi."

Na ni kweli. Mpaka leo ekari sita ni zetu.

Mama amepanga chumba kule senta. Mama yangu, ambaye hakuwahi kununua unga wa muhogo tangu aolewe, sasa anapimiwa kwa kopo dukani.

Wiki aliyohama ndipo nilipoirudia ile voice note. Nilikuwa ndani ya taxi, daladala za huku, natoka Queensburgh kumsuka mteja kwake, tumekwama kwenye robot, yaani taa za barabarani. Nikaanzia pale nilipoachia.

Dakika ya saba kaka anacheka: "Mama katuchekesha kikaoni. Kamuuliza Bosi, na muhogo wangu je, wewe unauhesabu uko juu au uko chini? Watu mbavu hawana."

Jibu la Bosi halimo. Hakuna aliyemjibu mama.

Dakika ya kumi anashusha sauti: "Sasa Mama Imani, mama hataki. Ila anasema wewe ndiye ulikuwa unalima naye, anakuamini. Ukikataa, anakataa. Ukikubali, anaweka dole. Tunakusubiri wewe."

Nilishuka kabla ya kituo changu. Sikuweza kukaa na watu.

Halafu nikapiga hesabu. Voice note ya dakika kumi na moja, mimi nilijibu ndani ya dakika tano. Kaka anajua kuhesabu. Alijua sijafika mwisho, na akaprinti.

Nilimpigia mama kumwomba msamaha. Akasema, "Nilidhani umeona kitu ambacho mimi sikukiona, mwanangu."

Angenitukana ningelala.

Kwa hiyo ukiambiwa uza chini ubaki na juu, uliza swali la mama yangu. Wakicheka badala ya kukujibu, usisaini. Muhogo uko chini, maji yako chini, msingi wa nyumba uko chini. Sisi tumebaki na picha ya shamba. Na ukitumiwa jambo la ukoo, osha mikono, kaa chini, lisikilize lote.

Mwenye kujua sheria ashuke hapa aniambie kama ridhaa ya namna ile inaweza kutenguliwa, maana mimi sikusaini popote. Wa pole asanteni, ila pole zenu hazichoti maji. Wa matusi karibuni pia, mtanikuta nimeshaanza kujitukana.

Kaka bado yumo kwenye group. Jana katuma voice note nyingine, dakika sita. Nimeisikiliza yote.

Ni salamu tupu.